Darubini inafuata nini huko juu?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi wa friji na AC, niko Tabata. Binti yangu wa kidato cha pili amenionyesha kwenye simu picha za darubini ya James Webb, akanibana kwa maswali matatu yakanishinda. Kama nyota ziko mbali kiasi hicho, kuipeleka darubini angani kunapunguza nini? Pili, amesoma kwamba ile darubini inafanya kazi kwenye baridi kuliko friza yoyote. Kwa nini, na nani anakwenda kuijazia gesi? Tatu, zile rangi ni za kweli au wamepaka?

Jibu: Marahaba, fundi, na binti mpe salamu zangu. Swali lake la kwanza ndilo watu wazima hawaulizi, kwa kuwa wanadhani jibu wanalo: darubini inapelekwa juu ili ikaribie nyota. Haikaribii chochote. Hubble, ile ya zamani iliyorushwa Aprili 1990, iko juu yetu kilomita 500 hivi, yaani safari ya Dar mpaka Dodoma ukaongeza kidogo. Nyota iliyo jirani zaidi na Jua letu, Proxima Centauri, iko umbali wa miaka ya nuru 4.2, karibu kilomita trilioni 40. Ukizibana hizo trilioni 40 zikawa barabara ya Dar hadi Mwanza, basi Hubble imeondoka stendi ikasogea kuelekea Mwanza kwa hatua isiyofika unene wa unywele. Hakuna aliyelipa mabilioni ya dola kwa ajili ya hatua hiyo.

Wanachokifanya ni kuikimbia hewa. Na James Webb imekimbia joto pia, ndiyo maana swali lako la pili limenifurahisha kuliko yote. Nitalifikia.

Kuhusu hewa, fanya hivi. Saa saba mchana simama nyuma ya jiko la mama anayekaanga mihogo pale kituoni, kisha soma maandishi ya daladala lililosimama ng'ambo ya barabara, macho yako yapite juu ya karai. Herufi zinacheza. Utadhani rangi imelegea ubavuni mwa gari. Daladala limetulia, ni hewa ya moto inayopanda na ya baridi inayoshuka, kila moja inaupinda mwanga kwa namna yake. Sasa mwanga wa nyota husafiri miaka mia, miaka elfu, bila kuguswa na kitu, halafu unafika kwenye kilomita chache za mwisho unakutana na karai la mihogo la dunia nzima. Kule kumetameta kwa nyota tunakokuimbia mashairi, kwa mtaalamu wa nyota ni karaha. Hata ukiwa na darubini kubwa namna gani, nyota inageuka doa linalotetemeka.

Hapa Dar tuna nyongeza yetu, unyevu. Mwaka mmoja niliwapeleka wanafunzi Kigamboni, nikabeba darubini ndogo iliyokuwa imelala kwenye chumba chenye AC. Kuifungua tu ufukweni, lenzi ya mbele ikafunga ukungu mweupe kama glasi ya maji baridi. Wewe unajua kwa nini, mimi kwa aibu nilisahau. Tukakaa nusu saa tukisubiri lenzi ipate joto la nje. Kijana mmoja akataka kusaidia, akaifuta kwa pindo la kanga yenye mchanga. Michirizi ile ipo mpaka leo.

Wenzetu walio nchi kavu hawajakaa kimya. Wanajenga juu ya milima mikavu ya Chile, au Sutherland kule Afrika Kusini iliko darubini ya SALT, na baadhi wana vioo vinavyojipinda mara mamia kwa sekunde ili kuufuta ule mtikisiko. Vinasaidia sana, na darubini ya nchi kavu ina faida ya kuwa kubwa na ya kufikika kwa bisibisi. Lakini kuna jambo ambalo kioo chochote hakiwezi kulifuta: hewa ni mlango uliofungwa.

Mwanga tunaouona kwa macho ni kipande chembamba cha mwanga wote uliopo. Upande mmoja kuna urujuanimno na eksirei, upande mwingine kuna infraredi na mawimbi ya redio. Eksirei zinazotoka kwenye nyota hazifiki chini kabisa, hewa inazimeza zote, nasi tushukuru kwa hilo. Ila maana yake ni kwamba mbingu ya eksirei ilikuwepo siku zote na hakuna binadamu aliyeiona, mpaka tulipoanza kurusha vyombo juu ya hewa.

Hapa naomba binti yako asikilize, maana hawataji sana shuleni. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikisherehekea miaka 7 ya uhuru wake, roketi iliruka kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimama juu ya bahari karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani yenye uzito wa kilo 140 hivi, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi hiyo moja tu ya kuisoma mbingu kwa eksirei. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi ule NASA, shirika la anga la Marekani, akaipa jina Uhuru. Si jina la kufasiriwa. Limeandikwa hivyohivyo, Uhuru, kwenye vitabu vya wataalamu wa Tokyo na Moscow. Walichagua pwani ile kwa kuwa iko karibu na ikweta, mahali ambapo Dunia inazunguka kwa kasi kubwa kuliko kwingine, kwa hiyo roketi inapewa msukumo wa bure.

Setilaiti ile ilitoa orodha ya vyanzo 339 vya eksirei. Kimojawapo, Cygnus X-1, kiliwashangaza: kilikuwa kinapepesa haraka, mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Kitu kikubwa hakiwezi kupepesa haraka hivyo, kwa sababu mwanga wenyewe unahitaji muda kukivuka toka upande huu hadi ule. Basi kilikuwa kidogo, na wengine walipopima uzito wake kwa kuangalia nyota inayozunguka nacho, kikawa kizito kupita kiasi. Ndicho kitu cha kwanza ambacho wataalamu walikubali kukiita shimo jeusi, yaani kitu chenye mvuto mkali hata mwanga haukitoki. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo ya kisayansi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Najua Malindi si Dar, lakini ni pwani moja, na mimi huwa sioni aibu kujivuna kwa mali ya jirani.

Tuje kwenye fani yako.

Chukua rimoti ya AC, ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu yako, bonyeza. Kwenye simu nyingi utaona kitaa cha mbele kinawaka rangi ya zambarau au nyeupe, ingawa kwa macho hakiwaki. Hiyo ndiyo infraredi. Kila chenye joto kinaitoa kwa namna yake: wewe, ukuta, kompresa, chai ndani ya kikombe. Na darubini pia. Tatizo ndilo hilo. Ukitaka kuona infraredi hafifu ya galaksi ya mbali, yaani kundi kubwa mno la nyota, kwa darubini yenye joto, ni kama kumtafuta kimulimuli huku tochi yako mwenyewe inakumulika machoni.

Kwa nini basi wahangaike na infraredi? Kwa sababu ulimwengu unatanuka. Chora mistari kwenye mpira wa kufungia noti, kisha uuvute: mistari inaachana. Mwanga ulioondoka kwenye galaksi za kale ukiwa urujuanimno umevutwa njiani kwa miaka zaidi ya bilioni 13, na unapotufikia ni infraredi. Mwenye kuzitaka galaksi hizo lazima awe na jicho la infraredi, na jicho la infraredi lazima liwe baridi.

James Webb inapataje baridi? Kwanza kwa kivuli. Iko kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, kama mara nne ya umbali wa Mwezi, upande wa Dunia usiotazama Jua. Mahali pale pana sifa moja nzuri: Jua, Dunia na Mwezi vyote vinakuwa upande mmoja, kwa hiyo mwavuli mmoja unaikinga na joto la vyote vitatu. Mwavuli wenyewe una matabaka matano ya Kaptoni, plastiki nyembamba iliyopakwa alumini. Tabaka la kwanza lina unene wa milimita 0.05, yale mengine nusu yake, na ukubwa wake ni mita 21 kwa 14, karibu uwanja wa tenisi. Joto linalopenya tabaka la kwanza linatokea pembeni kabla halijafika la pili, na la pili kabla ya la tatu. Kule hakuna hewa, kwa hiyo feni isingesaidia lolote. Joto linaondoka kwa kumulika tu kuelekea kwenye giza. Upande wa Jua unafika nyuzi 85 za Selsiasi. Upande wa vioo ni nyuzi -233. Na hapo hakijawashwa chombo chochote.

Kipo kifaa kimoja ambacho hata -233 kwake ni joto. Kinaitwa MIRI, kinasoma infraredi ya mawimbi marefu, nacho kinataka kuwa chini ya nyuzi -266. Hiki ndicho kina friji. Gesi yake ni heliamu, inazunguka kwenye mfumo uliofungwa. Kompresa zimewekwa upande wa joto, mabomba membamba yanapeleka ubaridi mpaka kwenye kifaa, mita kadhaa mbali. Utakuwa umeshaitambua. Ni AC ya split: mashine nje, ubaridi ndani, ukuta katikati. Haijazwi gesi kwa sababu haivuji na hakuna kinachotumika. Zile za zamani hazikuwa hivyo. Spitzer, iliyorushwa 2003, ilibeba heliamu ya kimiminika kama mtu anayebeba barafu kwenye kontena la samaki, ikawa inachemka polepole na kupotea, na Mei 2009 ikaisha. Baadhi ya kamera zake zikaendelea kwenye joto la juu zaidi, nyingine ndiyo basi.

Umeuliza nani anakwenda. Hakuna. Mpaka sasa hakuna chombo cha kumfikisha fundi kule, na hilo ndilo lililowakosesha watu usingizi. Kioo cha Webb kina upana wa mita 6.5 na hakukuwa na roketi yenye tumbo la kukibeba kikiwa wazi, kwa hiyo walikitengeneza vipande 18 vya metali ya beriliamu, vikapakwa dhahabu nyembamba mno kwa kuwa dhahabu inaakisi infraredi vizuri, kikakunjwa. Tarehe 25 Desemba 2021 kikaruka kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Wahandisi walihesabu sehemu 344 ambazo kila moja, ikikwama peke yake, ingeweza kuua kazi nzima. Hakuna iliyokwama. Februari 2022 wakaielekeza kwenye nyota moja na kupata picha ya nyota 18, kila kipande cha kioo kikitazama kivyake. Wakavisogeza kwa mota kwa hatua ndogo kuliko unene wa unywele uliokatwa mara elfu kadhaa, mpaka nyota 18 zikawa moja.

Hubble ilikuwa karibu, na bahati hiyo ndiyo iliyoiokoa. Kioo chake cha mita 2.4 kilisuguliwa kwa ustadi wa hali ya juu, kikatoka na umbo lisilo sahihi. Kifaa cha kupimia umbo kilikuwa na lenzi iliyofungwa milimita 1.3 nje ya mahali pake. Fundi, wewe unajua geji inayodanganya inavyokufanya ujaze gesi kwa uangalifu mkubwa na kwa kiasi kibovu. Kinachoniuma zaidi ni kwamba vipimo vingine viwili, vya kifaa rahisi zaidi, vilionyesha kuna kasoro, wakavipuuza kwa kuwa geji kubwa ndiyo iliyoaminika. Ukingo wa kioo ulikuwa umelala zaidi kwa takriban maikroni 2 tu, yaani sehemu mbili za elfu za milimita. Picha zikatoka na ukungu. Desemba 1993 wanaanga walipanda na chombo cha Endeavour, wakafunga kamera mpya na vioo vidogo vya kurekebisha, mithili ya kumvalisha mtu miwani. Walirudi tena mara nne kuihudumia, mara ya mwisho Mei 2009, na bado inafanya kazi.

Miaka miwili baada ya miwani hiyo, Robert Williams, aliyekuwa mkurugenzi wa taasisi inayoiendesha Hubble huko Baltimore, alifanya jambo ambalo wengine waliliona la kupoteza muda. Aliielekeza darubini kwenye kidoa cha mbingu kilichoonekana kitupu, kidogo kama punje ya mchanga uliyoishika mkono umeunyoosha, akaiacha itazame siku kumi mfululizo. Picha ilipotoka, ndani ya punje ile zilikuwamo galaksi karibu 3,000. Mimi nikiulizwa faida ya darubini za angani huwa naanza na punje hiyo.

Siku ya kawaida kazini haina maajabu mengi. Wataalamu wa nchi yoyote wanaandika maombi, na tangu 2018 wale wa Hubble wanayasoma bila kuona jina la mwombaji, jambo ambalo ningependa kuliona kwenye usaili wa kazi hapa nyumbani. Waliokubaliwa wanapangiwa saa, ratiba inatumwa juu, darubini inajiendesha yenyewe. Kugeuka haitumii injini. Ndani kuna magurudumu: likizunguka kulia, chombo kizima kinageuka kushoto, kama feni ya dari ambayo umeining'iniza kwa kamba badala ya ndoano. Umeme ni wa sola, na Webb nzima inajiendesha kwa chini ya kilowati 2, ambazo kwako ni AC mbili ndogo. Habari za Webb zinashuka kwa redio, zinachukua sekunde 5 njiani, zinapokelewa na masahani makubwa yaliyoko California, Madrid na Canberra. Yamewekwa mbalimbali vile ili Dunia ikizunguka, moja liwe linaiona.

Sasa rangi. Hazikupakwa kwa kupenda kwa mchoraji, na wala macho yako yasingeziona hivyo. Yote mawili ni kweli. Kamera za darubini hizi hazijui rangi, zinahesabu mwanga tu, nyeusi na nyeupe. Wanapiga picha ileile mara kadhaa, kila mara mbele ya kichujio kinachopitisha aina moja ya mwanga, halafu kila picha wanaipa rangi yake na kuzipanga pamoja. Simu yako nayo inafanya hivyohivyo, ina vichujio vidogo vyekundu, kijani na bluu juu ya kamera. Kwenye ile picha maarufu ya Hubble ya 1995 ya mawingu ya gesi, Nguzo za Uumbaji, nyekundu ni salfa, kijani ni haidrojeni, bluu ni oksijeni. Kwa Webb, ambayo inaona infraredi, mawimbi marefu hupewa nyekundu na mafupi bluu, kama mpiga kinanda anavyoushusha wimbo ili sauti ya mwimbaji iufikie: noti zimehama, wimbo ni uleule. Na waambie wanaobishana mitandaoni kwamba mara nyingi wataalamu hawatumii picha hizo za rangi kabisa. Wanautawanya mwanga kama upinde wa mvua na kusoma mistari yake. Ndivyo Webb ilivyoipata hewa ya ukaa mwaka 2022 kwenye sayari WASP-39b, miaka ya nuru 700 kutoka hapa: sayari ilipita mbele ya nyota yake, mwanga kidogo ukachuja kupitia hewa ya sayari, nayo hewa ya ukaa ikaacha pengo lake. Hakuna picha ya sayari hiyo. Kuna mchoro wenye kilima kimoja.

Habari ghafi za Hubble na Webb hufunguliwa kwa umma, mara nyingine papo hapo, mara nyingine baada ya muda. Binti akiwa na kompyuta na bando anaweza kuzipakua akaunganisha rangi mwenyewe. Itamtoa jasho, lakini hapo ndipo ataelewa jibu langu kuliko nilivyoliandika.

Webb hamtaiona kwa macho. Hubble mtaiona. Inazunguka Dunia kila baada ya dakika 95 hivi, na njia yake inapanda hadi nyuzi 28.5 kaskazini na kushuka nyuzi hizohizo kusini mwa ikweta. Sisi tuko nyuzi 7 kasoro kusini, kwa hiyo inatupitia utosini. Programu za simu za kufuatilia setilaiti zitawapa saa. Vukeni na feri ya jioni mwende Kigamboni, mbali na taa, mtazame nukta isiyopepesa kama taa za ndege zinavyopepesa, ikitoka magharibi kwenda mashariki kwa kasi ya kutoka Dar hadi Dodoma kwa dakika moja. Ikizimika ghafla kabla ya kufika ukingoni mwa mbingu, msilaumu wingu. Imeingia kwenye kivuli cha Dunia.